Mwaka Niliobeba Tofali

Mlio ninaoukumbuka wazi kuliko yote ni wa mwiko. Shangazi yangu Zena akimaliza kusonga ugali aliugonga mwiko ukingoni mwa sufuria, ko, ko, ko, ili ugali ulionata udondoke, na mlio huo ulipita ukutani ukanikuta kitandani, nimelala tangu mchana kama mtu aliyetoka zamu ya usiku. Mwingine angesikia mpishi anasafisha mwiko wake. Mimi nilisikia naitwa kunywa dawa. Mwezi uliopita tulimzika Shangazi. Wanawake wa ukoo walipokuwa wanagawana vyombo vyake, mmoja akaukung'uta mwiko kwenye sinia kutoa vumbi, nami nikatoka nikasimama nyuma ya jiko, nikilia na kucheka kwa pamoja. Nikawasikia ndani wananong'ona: hivi huyu bado anameza vile vidonge vyake? Bado. Nameza kila jioni, nina uzima wangu, na siku hizi nikiulizwa sifichi. Lakini kulikuwa na mwaka ambao nilikaribia sana kuviacha, na sababu haikuwa ukaidi wala kusahau. Sababu ilikuwa mwili.

Ya wazazi wangu na jinsi nilivyofika kwa Shangazi nayapita. Nilikuwa na miaka kama ishirini, shule nimeishia kidato cha pili, na nilikuwa na ndoto moja kubwa, kuwa mhudumu wa treni. Kutoka nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, honi ya treni ilisikika vizuri alfajiri, na nilikuwa nimewaona stesheni wale dada wakishuka na sketi zao za kubana na skafu shingoni, wanatembea kama njia yote ni yao. Nilijishonesha sketi kama zile kwa fundi, nikaitundika msumarini. Chumbani nilishika chanuo mdomoni nikatangaza, "Abiria wa Kigoma, tunakaribia Kaliua, tafadhali angalieni mizigo yenu." Shangazi alikuwa anajibu kutoka uani, "Abiria, shuka uoshe vyombo."

Kisha nikaugua. Daktari aliupa ugonjwa wangu jina refu, na mimi sina haja ya kuuchambua zaidi yake. Nitasema tu kwamba ulinijia kwa miguu. Niliacha kulala, nikawa na maneno mengi, halafu nikaanza kutembea, na sikuwa na ninakokwenda. Warina asali waliokuwa wanatoka Ipole na madumu yao walinikuta mbali kwenye barabara ya Sikonge, sina viatu, nyayo zimechanika, nikawaeleza kwamba nimechelewa treni. Huko hakuna treni. Wale wazee hawakunicheka. Walinipakia garini katikati ya madumu, mmoja akanivika koti lake, wakaniuliza taratibu jina la mtaa wetu mpaka nikalipata.

Nilipotoka wodini nesi alimpa Shangazi agizo moja dogo: dawa hizi asimeze bila kula. Shangazi alikuwa mtu wa kupokea agizo kwa mikono miwili. Yeye alilisikia hivi, kwamba dawa hii ni kali na inakula, na usipoipa chakula itamla mtoto mwenyewe. Basi akaanza kuilisha dawa. Asubuhi uji wa karanga wenye asali, kabla ya mchana viazi vitamu na chai ya maziwa, mchana ugali na kisamvu kilichoungwa karanga, alasiri matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa vikakaushwa juani, unatafuna na karanga tena. Jioni, kabla ya kidonge, ugali mwingine, mlima hasa, na mtindi pembeni. Alikaa mbele yangu mpaka sinia ling'ae. "Kula, mama. Usiniachie dawa na njaa." Na mimi nilikula, maana kulikuwa na jambo ambalo wote hatukulijua: dawa yenyewe ilileta njaa. Haikuwa ile njaa ya tumbo tupu, ambayo naifahamu. Hii ilikaa kooni. Nimeshiba, tumbo linauma kwa shibe, na bado koo linauliza kuna nini kingine.

Mvua za kwanza zilinikuta mtu mwingine. Sketi ya treni iligoma mapajani. Nilihamia kwenye madera ya Shangazi, na baadaye hata madera yakaanza kushika mgongoni. Nikipanda ngazi mbili za duka la unga nasimama kwanza. Mapaja yalisuguana yakachubuka, nikawa napaka mafuta ya kupikia kimyakimya. Lakini kilichoniumiza zaidi kilikuwa sifa. Kwetu, mtu akitoka kuugua hawamwulizi amemeza nini. Wanautazama mwili wake, na ukijaa wanamshukuru Mungu. Sokoni, kisimani, msibani, popote nilipopita na Shangazi, neno lilikuwa hilo hilo: "Ah, dawa zimemkubali." Walilisema kwa furaha ya kweli, wengine machozi yanawalengalenga, kwa sababu waliniona nilivyokuwa. Ningewaambia nini? Kwamba naona aibu kwa kitu wanachokishukuru? Jirani yetu Mama Shija, Msukuma wa Ziba, mama wa maneno ya kuchekesha, alinizunguka siku moja uani kama anayekagua mtamba mnadani. Mchumba sikuwa naye, lakini akasema, "Sasa huyu hata mahari yake imepanda. Wale ng'ombe wa mwanzo tuwarudishe, tuanze upya." Tulicheka wote. Mimi nilicheka nikaingia ndani, nikaitazama sketi msumarini.

Hapo ndipo wazo la kuacha lilipoanza, nalo lilikuja kwa sauti ya upole kabisa. Si umepona? Si wenyewe wanasema umepona? Kidonge kikitoka, njaa itatoka, mwili utarudi, utapanda treni. Alasiri moja nimelala chumbani, Shangazi na Mama Shija wanamenya karanga chini ya dirisha langu, nikasikia Mama Shija naye anauliza vilevile. "Sasa dada, mtoto kanona, analala, anaoga mwenyewe. Mbona bado mnamtia vidonge?" Halafu Shangazi akajibu polepole, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia akizungumza nami. "Tukiacha, nani ataniambia kwamba safari hii warina asali watapita njia ile ile?" Nililala nikitazama dari. Nilikuwa nadhani ananilisha kwa sababu anapenda kupika. Kumbe kila tonge lilikuwa hofu. Sasa nilikuwa na mambo mawili ambayo hayakai chumba kimoja: siwezi kubaki na mwili huu, na siwezi kumfanyia Shangazi hivyo.

Siku ya kliniki ilipofika nilimwomba Shangazi aniache niseme mwenyewe. Daktari alikuwa mwanamke mfupi, sauti ya taratibu. Nilimwambia yote: njaa, sketi, mapaja, na kwamba nafikiria kuacha. Hakunigombeza. Alinipandisha kwenye mizani, akanipima presha na sukari, akasema watu wengi wanaacha dawa kwa sababu hiyo hiyo bila kumwambia mtu, na wengi wao hurudi wodini, kwa hiyo nimefanya vema kusema. Dawa nisiiache wala nisiipunguze mwenyewe. Tutajaribu kwanza chakula na mazoezi, na kama mwili bado utapanda, yapo mazungumzo ya kubadilisha dawa, lakini yafanyike pale, kwake. Kisha akamgeukia Shangazi akamwuliza ninakula nini. Shangazi akataja, kwa fahari, mpaka daktari akaweka kalamu chini. "Mama, tulisema isimkute hana kitu tumboni. Hatukusema mumnenepeshe." Njiani kurudi, tulipokaribia nyumbani, Shangazi akauliza kama ndizi moja inaweza kuitosheleza dawa. Nikamwambia nadhani inaweza. Akasema, "Dawa yenyewe kumbe haina makuu." Tangu siku hiyo ugali wangu ukawa nusu, mboga za majani zikawa nyingi, asali ikatoka kwenye uji, na koo likiuliza naliambia maji. Lilinuna. Liliendelea kununa muda mrefu.

Ya chakula tuliyaweza. Lilikuwepo jingine ambalo daktari, kwa wema wake wote, hakulifikiria. Alisema nitembee, kila siku, kwa haraka, mpaka jasho litoke. Asubuhi iliyofuata nikavaa raba, nikafunga kanga kiunoni, nikashika barabara. Nilitembea vizuri, nakunja ngumi, najitangazia vituo: Usoke, Urambo, Kaliua. Sikufika mbali. Bajaji ilipunguza mwendo kando yangu, kijana wa mtaani kwetu akasema, "Dada Nyamizi, panda nikupeleke." Nikamwambia ahsante, nafanya mazoezi. "Najua, dada. Panda tu." Nikamwambia daktari kaniagiza. "Sawa kabisa, daktari kakuagiza. Panda." Alizungumza nami kwa ule upole wa kumzungumzisha mtu ambaye hayupo, na nikajikuta nimepanda, kwa sababu nikikataa kwa sauti kubwa ndiyo nimekwisha. Hakutaka nauli. Mlangoni Shangazi alikuwa amesimama na simu mkononi, kanga ya kichwa imeanguka mabegani. Watu walikuwa wamempigia kabla sijafika hata kona ya pili. Neno walilompa lilikuwa moja: kaanza tena.

Nimelifikiria sana jambo hili tangu hapo. Huu ni mji wa watembeaji. Mwalimu wetu wa darasa la nne alitufundisha jinsi babu zetu walivyobeba pembe za ndovu mabegani kutoka hapa mpaka pwani, miezi njiani, na jinsi kijana ambaye hajaenda na kurudi hakuhesabiwa mwanamume. Wajukuu wao wanatembea bado, lakini anayetembea ana sababu inayoonekana: jembe, ndoo, mtoto mgongoni, baiskeli ya mkaa ya kusukuma. Anayetembea mikono mitupu, haraka, anaongea peke yake, huyo anajulikana. Mimi nilikuwa nimejulikana tayari. Shangazi alinikalisha kitini akasema hataki kusikia tena habari ya kutembea. Nikamwambia basi dawa zitanishinda, Shangazi, nakwambia mapema, na wewe hutaki nikufiche. "Kwenda kwako sikuogopi," akasema. "Naogopa usiporudi." Na kama ningeonekana tena barabarani vile, alisema, asingekuwa na la kuwajibu watu. Wangenirudisha wodini kwa huruma.

Mama Shija ndiye aliyeleta akili, akichungulia juu ya ukuta, bila kuitwa. "Mpe abebe kitu," alisema. "Nani hapa anamshangaa mtu aliyebeba kitu?" Ilikuwa kweli tupu. Kesho yake nikatoka na beseni kichwani limefunikwa kitambaa, na mji mzima ukawa kipofu. Bajaji zilinipita. Wazee waliitikia shikamoo yangu bila kunitazama mara mbili. Nilitembea mpaka mgongo ukalowa, nikarudi nikimwimbia Shangazi. Tabu ilikuwa ndogo tu, beseni tupu lilipeperushwa na upepo, nikawa nalishika muda wote mikono imekufa ganzi. Nyuma ya choo kulikuwa na tofali la kuchoma lililobaki ujenzini. Nikalitia ndani ya beseni, nikalifunika. Likatulia vizuri. Nilijiona mwerevu kweli. Nikawa natembea na tofali langu asubuhi baada ya asubuhi, na wanawake waliponiuliza nauza nini nilijibu vimeisha, mama, mpaka kesho.

Mama mmoja wa njia ya kwenda Kiloleni alikataa kesho. Alikuwa ameniona siku nyingi narudi na beseni halijapungua uzito, akadhani namnyima. Akanisimamisha, akaninyooshea mikono kunitua kama jirani mwema, akafunua kitambaa. Nilimwona anavyolitazama tofali. Alinitazama mimi, akalitazama tena, kisha akalifunika taratibu sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala. "Sawa, mwanangu," akasema. "Unalipeleka wapi?" Nikafungua mdomo kueleza, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mwenyewe: daktari, sketi, upepo, warina asali. Hata mimi nisingejiamini. Walikusanyika watu wachache, wote wema, mmoja akanipa maji. Wakanirudisha nyumbani kwa msafara, kijana mbele amebeba beseni kama ushahidi, bajaji nyuma imewaka tayari kwa safari ya hospitali.

Shangazi alitoka na mikono ya unga. Walimweleza wote kwa pamoja, wakamwonyesha tofali. Alilitazama. Nilijua kwamba maisha yangu ya mwaka ule, na pengine ya mingine mingi, yalikuwa yanaamuliwa hapo, kati ya mwanamke mmoja na tofali. Akikubali kwamba nimeanza tena, ndiyo nimeanza tena. Nani angenisikiliza mimi? Hakuniuliza habari ya tofali. Aliniuliza jambo moja.

"Ulikuwa unarudi?"

"Nilikuwa narudi, Shangazi."

Akanikagua usoni, machoni, akaona viatu vyangu vimefungwa kamba vizuri. Akawageukia watu akawashukuru mmoja mmoja kwa kumtunzia mtoto, kwa heshima zote, akamwambia wa bajaji azime moto, petroli ni ghali. "Huyu yuko mazoezini," akasema. "Mwenye swali aje kwangu." Walipoondoka alikaa kwenye kizingiti, akalitazama tofali tena, mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, anacheka mpaka anashika mbavu. "Nyamizi, hata karanga tu ulikosa?" Nikamwambia karanga ningezila. Akacheka upya.

Kesho yake alfajiri nilimkuta mlangoni amevaa viatu vya msibani na kanga mbili. Tulitoka pamoja, mikono mitupu. Kama ni mazoezi, siku zile hatukufanya. Shangazi hakuweza kuipita nyumba bila salamu, na salamu yake ilikuwa kamili: mwangaluka, mmeamkaje, watoto, mguu wa babu, yule ng'ombe alizaa? Mimi nilisimama kando napiga hatua papo hapo ili moyo usipoe. Lakini kila mlango alimaliza na neno moja: tunatembea, mtoto ana dawa zake, na dawa zake zinataka miguu. Alilisema kama anavyotaja bei ya chumvi. Alifika mpaka kwa yule mama wa njia ya Kiloleni, akalisema na kwake. Polepole watu wakabadilisha salamu. Wakawa wanatupungia wakiwa mbali, "Mazoezi hayo," na wawili watatu wenye presha zao wakaanza kutufuata kipande cha njia.

Sikurudi kwenye sketi ile, niseme ukweli. Mwili uliacha kupanda, ukashuka kidogo, ukasimama mahali ulipopapenda, na kliniki iliyofuata daktari alisema tubaki na dawa hiyo hiyo. Nilipumua. Miezi mingine nanenepa, miezi mingine napungua, na nikipungua wanaanza kuniuliza kama naumwa. Treni nayo hatujaachana: nauza chai na mihogo ya kuchemsha karibu na stesheni, nimeshona sketi nyingine ya saizi yangu ya sasa, na honi ikilia nawatangazia wateja vituo vyote mpaka Kigoma. Wanacheka, wananunua. Bado naota kwamba siku moja mkubwa fulani wa treni atanisikia.

Lakini asubuhi ninayoitunza kuliko zote ni ya mwisho wa mwaka ule. Magoti ya Shangazi yalikuwa yamevimba. Nilimkuta amekaa kitandani, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anakitazama. Akakiweka chini. "Nenda," akasema, akajilaza akageukia ukutani, na nilijua hakulala. Nikatoka peke yangu. Sikubeba kitu isipokuwa chupa ya maji. Watu walinipungia, nikawapungia. Nilitembea kwa haraka mpaka jasho likaniingia machoni, nyumba zikapungua, mashamba ya karanga yakaja, nayo yakaisha, ikaanza miti mitupu. Barabara iliendelea mbele imenyooka, hakuna mtu, hakuna baiskeli, hakuna wa kunipigia simu. Nilisimama. Nilisikia miguu yangu bado ina nguvu, inaweza kuendelea. Nikanywa maji mpaka chupa ikaisha, nikafunga vizuri kamba ya kiatu iliyolegea, nikageuka, nikaanza kurudi nyumbani.